Fundi aliyekataa sindano mara mbili

Nitamwita Fundi. Nimebadili mambo kadhaa ya maisha yake ili asitambulike, na yeye mwenyewe ameyasoma maandishi haya akaridhia. Sentensi mbili alizozikataa nimezifuta. Kazi yake nimeiacha kama ilivyo, maana bila kazi hiyo kisa hakieleweki. Anachonga nakshi: milango, fremu za vioo, masanduku ya maharusi. Hufanyia kazi chini ya roshani ya nyumba ya jamaa yake Mji wa Kale, kwa mvule akiupata na kwa mwembe asipoupata. Nyumbani ni Majengo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ambamo anaishi na mama yake na dada yake aliyeachika.

Ana miaka 41. Alipokuwa na 24 alikamatwa kivukoni Likoni akiwaamuru mabaharia wazime injini, kwa kuwa sauti zilimwambia feri imejaa maiti. Akagunduliwa kuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo ya kweli. Tangu hapo amelazwa mara nne, na kwa miaka tisa mfululizo alikuwa akidungwa Modecate kila mwezi, ile sindano ya mafuta inayoachia dawa polepole kutoka kwenye msuli.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika kliniki ya umma hapa Mombasa. Fundi ametukatalia matibabu mara mbili. Mara ya kwanza tulimsikiliza, mara ya pili tulimshika kwa nguvu. Ya kwanza nina hakika nayo. Ya pili bado naiwaza usiku.

Kukataa kwa kwanza

Alikuja peke yake, siku ya Jumanne. Badala ya kupita nyuma ya pazia kama kawaida, alitoa kipande cha ubao kwenye mfuko wa plastiki akakiweka mezani kwangu. Ulikuwa mstari wa maua, ule unaozunguka mlango. Umeanza vizuri, kisha umeyumba, ukaparuza nje ya alama ya penseli na kuacha meno kama ya msumeno.

"Sista, hii ni mikono yangu wiki ya kwanza baada ya sindano." Akatoa kipande cha pili, mstari umenyooka. "Na hii ni mwisho wa mwezi, ikishapungua nguvu. Mteja amenirudishia mlango mzima. Sindano sitaki tena."

Nilimwomba anyooshe mikono mbele. Vidole vilikuwa vikitetemeka, na nilipoukunja mkono wake kwenye kiwiko ulikuja kwa kukwama-kwama. Hakuwa akisingizia. Dawa hizi huzuia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na kwa njia hiyo hutuliza sauti na dhana, yaani zile imani za ugonjwa. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa viungo. Ikizuiwa sana mtu hukakamaa na kutetemeka kama mwenye ugonjwa wa Parkinson. Na sindano ya mafuta ina jambo lake zaidi: kidonge ukikijutia leo, kesho hukimezi, lakini sindano ikishaingia msulini huwezi kuitoa. Utakaa nayo wiki kadhaa, upende usipende.

Kwa miaka tisa faili lake lilikuwa limeandikwa "anaendelea vizuri". Alikuwa anaendelea vizuri kwa maana kwamba hakutusumbua. Hakuna aliyewahi kumuuliza patasi inakwendaje, na mimi nimo katika hao.

Alasiri mama yake akafika, leso mbili, jasho linamtiririka, ameteremka kwenye tuktuk barabarani na kuja mbio. Jirani alikuwa amempigia. "Mdungeni, mwanangu," akaniambia, na huku amenishika mkono. "Hata kwa nguvu, mdungeni. Haki zake mwazijua nyinyi. Usiku wake naujua mimi."

Sikuwa na jibu la kumpa. Mwanamke huyu amelala miaka 17 na ufunguo wa mlango umefungwa kwenye pindo la leso. Ameuza bangili zake kulipia matibabu, na ameswalia nje ya wadi akiwa hajui kama mwanawe atamtambua akitoka. Wanaoandika juu ya haki za mgonjwa mara nyingi humtaja mzazi kana kwamba ni kizuizi, na hilo linaniudhi. Yeye ndiye aliyekuwa hospitali yake miaka yote hii.

Mwenzangu mmoja kazini alikuwa upande wa mama. "Huo ni ugonjwa unaozungumza," alisema. Nimeisikia kauli hiyo tangu nilipokuwa mwanafunzi, na siku hiyo ndipo nilipoona kasoro yake. Mgonjwa akikubali dawa tunasema akili zimemrudia. Akikataa tunasema bado anaumwa. Kwa kipimo hicho hakuna mgonjwa wa akili atakayeweza kukataa lolote, na ridhaa tunayomwomba haina maana yoyote, kwa kuwa jibu linalokubalika ni moja tu.

Sheria yetu haisemi hivyo. Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa ya mgonjwa kabla ya matibabu, na njia za kuikwepa imezitaja: mtu hawezi kutoa ridhaa na mwenye idhini ya kisheria ameitoa kwa niaba yake, au ni dharura, na mengine machache. Kuwa na jina la ugonjwa kwenye faili si mojawapo. Sheria ya Afya ya Akili, iliyotungwa 1989, ilirekebishwa 2022, na marekebisho hayo yaliweka wazi kwamba mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kuombwa ridhaa na ya kushiriki kupanga matibabu yake. Juu ya zote ipo Katiba ya 2010, yenye kifungu cha 28 juu ya heshima ya utu na cha 29 juu ya uhuru na usalama wa mwili.

Katika mjadala wetu nilitaja kesi moja ya Uingereza iliyoripotiwa mwaka 1994. Mzee wa miaka 68, mgonjwa wa skizofrenia, alikuwa amefungiwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa makubwa. Mguu wake ulioza, madaktari wakataka kuukata, akakataa. Mzee huyo aliamini kuwa yeye ni daktari mkubwa wa sifa za dunia nzima, dhana ya ugonjwa isiyo na shaka. Hata hivyo hakimu aliona kwamba juu ya suala la mguu alielewa alichoambiwa, alikiamini, akakipima, akaamua. Mguu ukabaki wake. Nilichotaka wenzangu wakione ni hiki: akili inaweza kuharibika chumba kimoja na kingine kikawa kizima, na swali la kuulizwa linahusu uamuzi huu, leo hii.

Basi tulimuuliza Fundi, mimi na daktari, mama akiwa amekaa pembeni. Je, anaelewa sindano inafanya nini? Alieleza, kwa maneno yake, kwamba inaziba sauti. Je, anakubali kwamba hayo yanamhusu yeye? Hapo ndipo wengi hukwama. Atakwambia dawa ni nzuri kwa wagonjwa ila yeye si mgonjwa. Fundi alisema, "Nikiacha kabisa nitarudi Likoni." Je, anaweza kupima faida na hasara? Alisema sauti zilizobaki ni ndogo, kama redio ya jirani, na anaweza kufanya kazi nazo. Asichoweza ni kufanya kazi bila mikono. "Mama atakula nini? Sindano?" Uamuzi wake ulikuwa mmoja, asubuhi na alasiri, haukubadilika.

Kama mtu huyo hana uwezo wa kuamua, sijui nani anao. Hatukumdunga. Mama alilia, akaondoka bila kuniaga.

Lakini kuheshimu kukataa kwa mtu hakumaanishi kumfungulia mlango aende zake. Tulimuuliza anakataa nini hasa. Alikuwa anakataa mtetemo, na mambo yaliyobaki yalikuwa na nafasi ya mazungumzo. Daktari akampa olanzapini ya vidonge, ambayo kwa kawaida haikakamazi viungo kama sindano ile, ingawa huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari. Mama yake ana kisukari, kwa hiyo tukakubaliana apimwe sukari kila baada ya muda. Baada ya miezi miwili aliniletea ubao mwingine. Sikuhitaji kuambiwa.

Tukafanya jambo jingine ambalo lilikuja kuwa muhimu kuliko dawa. Tuliandika karatasi. Ilikuwa ukurasa wa daftari, kwa mwandiko wake. Dalili za kwanza: anaacha kulala, anafunika kioo, anaacha kula chakula cha nyumbani. Wa kuitwa: mjomba wake wa Kisauni, kabla ya mtu mwingine yeyote. Asiyetakiwa: polisi. Dawa asiyoitaka: haloperidoli, kwa kuwa iliwahi kumpinda shingo na macho yakageuka juu kwa saa nzima. Na mwisho, kwa herufi kubwa: NIKIFIKA HAPO NIKAKATAA HOSPITALI, NIPELEKENI. Aliweka sahihi, mjomba akaweka, na mama, ambaye tulikuwa tumepatana tena, akaweka dole gumba.

Kukataa kwa pili

Ramadhani iliingia katika joto la kaskazi. Usiku ukageuka mchana: tarawehe, kazi, daku. Kwa mwenye ugonjwa huu usingizi uliovurugika ni hatari peke yake. Na wakati huohuo duka la dawa la umma likaishiwa olanzapini. Mama alinunua nje wiki tatu, kisha pesa zikapungua, vidonge vikakatwa nusu, kisha vikaisha. Hakutuambia kwa kuona aibu. Sisi hatukuuliza.

Naliweka hili mbele kwa makusudi. Tunapojadili kama mgonjwa ana haki ya kukataa dawa, huwa tunaanza hadithi siku anapopiga kelele mtaani. Ya Fundi ilianza wiki tano kabla, kwenye rafu tupu.

Wiki ya Idi akawa amefunika kioo. Aliamini muuza maji wa mkokoteni anatia dawa ya kuua kwenye mitungi. Majengo, kama sehemu nyingi za Mombasa, bomba hukauka siku nyingi na watu hununua maji kwa mtungi wa lita 20, kwa hiyo dhana hiyo ilimfungia maji yote ya nyumba. Siku mbili hakunywa isipokuwa alichokinga msikitini. Siku ya tatu hata ya msikitini aliyashuku. Akatoka na patasi akaanza kutoboa mitungi juu ya mkokoteni. Muuza maji alipomshika, patasi ikamchana kifundo cha mkono.

Watu walijaa. Wengine walisema ni jini, aletwe mwalimu amsomee, anyweshwe kombe. Wapo waliotaka polisi. Sheria inampa polisi uwezo wa kumchukua mtu wa namna hiyo na kumfikisha hospitali ndani ya saa 24, lakini nimewapokea wengi walioletwa kwa njia hiyo, wana pingu na nyuso zilizovimba, na najua Fundi alikuwa na sababu ya kuandika alivyoandika. Imamu wa mtaani ndiye aliyetuliza mambo. Alisema atamsomea, na atamsomea hospitali, kwa kuwa Mtume alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Namshukuru mpaka leo. Sijawahi kuona faida ya kumlazimisha mgonjwa achague kati ya kisomo na kidonge.

Mama alitoa karatasi kwenye kopo la biskuti, akampigia mjomba, mjomba akanipigia mimi. Alipofika aliomba patasi, akapewa. Hilo pekee lilionyesha thamani ya jina lililokuwa kwenye karatasi. Walimleta kwa tuktuk, mjomba kushoto na imamu kulia.

Hospitali alikataa kila kitu. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Tulimuuliza maswali ya namna ileile. Dawa inafanya nini? "Ni ileile ya kwenye mitungi." Asipokunywa maji itakuwaje? "Nitapona." Tukimwonyesha kidonda cha muuza maji? "Hiyo ni rangi." Yule aliyeniletea vipande viwili vya ubao apime mwenyewe hakuwapo. Sababu ya kukataa ilitoka ndani ya dhana ileile iliyokuwa inamkausha, na hapakuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Mama akaomba alazwe, daktari akaandika mapendekezo yake, tukafuata utaratibu wa kulazwa bila ridhaa.

Kisha tukamshika, watu watano. Daktari alisoma karatasi akaepuka haloperidoli, akatumia diazepamu, dawa ya kutuliza. Nilimwambia Fundi kila hatua kabla hatujaifanya. Aliniangalia akasema, "Sista, mliniahidi."

Hatukuwa tumemwahidi hivyo. Karatasi ilisema kinyume, kwa herufi kubwa. Lakini hakuwa na karatasi akilini wakati huo. Alikuwa na mimi tu, niliyemwambia mara moja kwamba mwili ni wake.

Mmoja wetu, kwa woga, akamkalia mgongoni huku amelala kifudifudi. Mtu aliyelazwa hivyo na uzito juu yake anaweza kukosa pumzi akafa. Sote tumefundishwa, na sote tulimwona, na ilichukua muda kabla sijapiga kelele ainuke. Namhesabia kosa hilo yeye, na najihesabia mimi niliyekuwa mkubwa wa zamu.

Asubuhi yake mjomba alikuja na chupa za maji za dukani. Hakusema neno juu ya sumu. Alimpa Fundi chupa iliyofungwa, Fundi akaigeuza, akaikagua, akavunja kizibo kwa mkono wake mwenyewe. Akanywa chupa mbili. Kisha mjomba akamwonyesha kidonge ndani ya karatasi yake ya kiwandani, bado hakijapasuliwa, na Fundi akakitoa na kukimeza.

Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Jana yake tulibishana naye saa mbili kuhusu sumu, na hakuna aliyefikiri kumletea chupa iliyofungwa. Huenda ingefaa. Huenda isingefaa, kwa kuwa diazepamu na usingizi wa usiku mmoja vilikuwa vimempa utulivu. Nikijiuliza kama nguvu ilikuwa halali, najibu ndiyo: alikuwa anakauka, mtu mwingine ameshaumia, na yeye mwenyewe alikuwa ametuandikia tumpeleke. Nikijiuliza kama tuliimaliza kila njia kabla ya nguvu, najibu hapana. Maswali haya ni mawili, na wengi wetu tukishapata jibu la kwanza huwa hatuulizi la pili.

Wanaosema nguvu haifai kamwe

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Kamati inayousimamia, inayokutana Geneva, ilitoa ufafanuzi mwaka 2014 juu ya kifungu cha 12: kila mtu mzima ana haki ya kuamua mambo yake mbele ya sheria, mwenye ugonjwa wa akili naye yumo, na kumtibu mtu kwa nguvu ni kuivunja haki hiyo. Kinachotakiwa ni msaada wa kuamua, na pale isipowezekana kabisa kujua anachotaka, ifuatwe tafsiri bora ya matakwa yake badala ya kile wengine wanachoona kinamfaa.

Nimeusoma ufafanuzi huo nikiwa tayari kuukataa, na umenibadilisha sehemu kubwa. Bila fikra hiyo karatasi ya Fundi isingeandikwa. Ninachoshindwa kukubali ni kwamba yale maneno "Sitaki" ya siku ile, yenye kiu ya siku tatu ndani yake, ndiyo matakwa ya Fundi, na sahihi yake ya miezi saba nyuma siyo. Kama ni kufuata matakwa ya mtu, basi lazima pia tufuate yale aliyoyatamka akiwa na nafasi ya kuyafikiri. Wenye kupinga hunijibu kwamba hospitali zitazitumia karatasi kama hizo kuhalalisha kila sindano. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana siamini karatasi iliyoandikwa na hospitali na mgonjwa akaonyeshwa pa kuweka sahihi.

Na hapa nataka kuwa wazi: kwa wagonjwa wengi tunaowashika hakuna karatasi yoyote. Tunawashika kwa neno la jamaa, na jamaa wengine wana ugomvi wa urithi.

Siku ya tano

Siku ya tano Fundi aliomba kuzungumza nami. Alikuwa amenyoa, anakula viazi karai alivyoletewa na dada yake. Alisema, "Kunileta mlifanya sawa. Yule aliyenikalia mgongoni, huyo simsamehi." Mwenzetu huyo alikuja mwenyewe kuomba radhi. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia atafikiri.

Alipotoka alienda kwa muuza maji. Walikaa barazani, kahawa ikanywewa, na mitungi sita ikalipwa kwa awamu. Muuza maji alikataa fidia ya mkono.

Karatasi imeandikwa upya. Sasa ina mistari mitatu mipya. Wa kwanza ni wa Fundi: asinikalie mtu mgongoni. Wa pili pia ni wake: nipeni kwanza maji yaliyofungwa. Wa tatu ni wa mama yake, aliyemwomba binti yake amwandikie: dawa zikiisha nitasema, na nisidharauliwe nikisema. Nakala moja iko kwenye kopo la biskuti, moja kwa mjomba, moja kwenye faili, ukurasa wa kwanza.

Jumanne iliyopita Fundi aliomba kupunguza kidonge. Amenenepa, anasema, na usingizi wa asubuhi unamlia saa mbili za kazi. Mama hakuafiki. Daktari anasita, mimi naelekea kwa Fundi. Tutakaa sote Jumanne ijayo, na mjomba akipata ruhusa kazini naye atakuwepo.